Mzizi wa jino huzibwaje? Njia tatu, na jambo linaloamua

Jino likiuma mpaka usingizi ukapotea, wengi wetu huku Kasesya tuna jibu moja: likang'olewe. Lakini jino ambalo bado lina sehemu ya kutosha linaweza kutibiwa mzizi, likazibwa na kuendelea kutafuna mahindi ya kuchoma kwa miaka mingi.

Ndani ya jino kuna mfereji mwembamba wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Jino la mbele mara nyingi lina mfereji mmoja. Magego huwa na mitatu au minne. Tundu likifika humo, bakteria huingia, mishipa hufa na usaha hujikusanya kwenye ncha ya mzizi. Daktari wa meno hupiga ganzi, husafisha mifereji kwa dawa, kisha huiziba ili bakteria wasirudi.

Kinachozibia kwa kawaida ni gatapecha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini Mashariki uliotengenezwa vijiti vyembamba vilivyochongoka. Huwekwa pamoja na dawa laini inayoganda. Njia zinazotumika sana ni tatu.

Ya kwanza ni ya baridi. Kijiti kimoja huingizwa, kisha vidogo hushindiliwa pembeni yake mpaka mfereji ujae. Haihitaji mashine ya joto. Kasoro yake ni kwamba huchukua muda, na vijitawi vya mfereji vinaweza kubaki bila kujaa.

Ya pili ni ya moto. Gatapecha hulainishwa kwa joto na kushindiliwa, ikaingia vizuri zaidi kwenye vijitawi. Lakini vifaa vyake ni ghali, na ni rahisi zaidi kupitiliza ncha ya mzizi.

Ya tatu hutumia kijiti kimoja tu kinachoenea mfereji, pamoja na dawa mpya inayoganda kama saruji hata penye unyevu. Ni ya haraka, ila dawa hiyo ni ghali, na ikishaganda ni kazi kuitoa jino likihitaji kutibiwa upya.

Ipi bora? Tafiti zilizolinganisha ya baridi na ya moto hazijaonyesha tofauti kubwa baada ya miaka. Kinachoamua zaidi ni mifereji yote kusafishwa, dawa kufika karibu na ncha bila kupitiliza, na juu ya jino kufunikwa vizuri.

Hilo la mwisho ndilo linalotuponza. Baada ya ziara ya kwanza maumivu hupoa, na mtu hurudi nyumbani na dawa ya muda juu ya jino. Akifikiria nauli ya kupitia Matai hadi Sumbawanga, anajiona amepona. Dawa ile huchakaa, mate huingia, bakteria hurudi, na gego lisilofunikwa linaweza kupasuka. Fedha zimekwenda, na jino linang'olewa vilevile.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla ya kupanda gari piga simu uulize: Je, mnatibu mizizi ya magego? Nitakuja mara ngapi? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na kufunika juu? Ukimaliza, omba uonyeshwe picha ya eksirei ya jino lililozibwa.

Uso ukivimba, ukapata homa au ukashindwa kumeza, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.