Malale na Uchawi katika Nchi ya Mpanda

Jina malale latokana na kulala, lakini laficha nusu ya ugonjwa. Mgonjwa husinzia mchana, na usiku hukesha. Tabia yake hugeuka, akanena yasiyo na maana, hata jamaa wakasema amerogwa. Hapo hutafutwa mchawi, na mara nyingi atajwaye ni kikongwe. (Sadaka ziwekwazo chini ya mkwaju wa Katabi, kando ya ziwa, hazimdhuru mtu, shutuma hii hudhuru.)

Mwaka 1903 David Bruce alionyesha huko Uganda ya kuwa malale huletwa na mbung'o. Katika miombo ya Mpanda walio hatarini hasa ni warina asali na wawindaji, kwa kuwa vijidudu vyake hukaa katika damu ya pongo na wanyama wengine wa porini. Mchawi gani achaguaye watu kwa kazi yao?

Mwalimu na aangalie neno moja. Homa ya malale huja na kuondoka. Ikiondoka baada ya dawa ya mganga, mganga husifiwa. Kumbe vijidudu vinaelekea ubongoni. Basi asibishane sana, bali ampeleke mgonjwa akapimwe damu kwa darubini, na kisipoonekana kitu, apimwe tena.