Dawa za Shaba na Ngozi ya Mkulima



Tunapokagua maghala ya vyama, wanyunyiziaji wa kakao, kuanzia Busale hadi Ipinda, hutuuliza swali moja mara kwa mara: je, unga mwekundu wa shaba unaotumika kuzuia ugonjwa wa kuoza maganda hupenya ngozi na kuingia katika damu? Swali hili ni la haki, na jibu lake litazisaidia kamati kutumia vema fedha za wanachama.

Unga huo ni oksaidi, yaani shaba iliyoungana na oksijeni, kama vile kutu ilivyo chuma kilichoungana na oksijeni. Viwanda vya siku hizi huweza kutengeneza oksaidi za shaba, zinki au titani kwa chembe zisizozidi nanomita 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Tabaka la nje la ngozi ni seli zilizokufa, zilizopangwa safu juu ya safu kama matofali, na katikati yake mna mafuta yanayoziba nafasi. Ingawa tabaka hili ni jembamba mno, chembe nyingi za oksaidi hukwama hapo, au katika matundu ya vinyweleo, kisha huondoka kwa kuoga na kwa ngozi kuambua. Katika uchunguzi wa Australia uliotangazwa mwaka 2010, watu 20 walipakwa mafuta ya kukinga jua yenye zinki iliyotiwa alama, mara mbili kwa siku kwa muda wa siku 5. Zinki iliyoonekana katika damu na mkojo ilikuwa kidogo mno. Kwa hiyo ndugu zetu wenye ualbino wasiogope mafuta ya namna hiyo. Jua ndilo adui yao mkubwa.

Hata hivyo, ukuta huu una nyufa zake. Kwanza, ukanda wetu wa ziwa ni wa joto na unyevu, na jasho lina uchachu kidogo uwezao kuyeyusha sehemu ya oksaidi. Unga wa mchele hulowa upesi kuliko punje. Vivyo hivyo, chembe zikiwa ndogo zaidi, huyeyuka upesi zaidi. Pili, penye jeraha hapana ukuta. Tatu, mkono wenye unga ukishika chakula, au vumbi likivutwa puani, dawa huwa imekwisha kuikwepa ngozi kabisa.

Yafaa pia tusichanganye unga wa shaba na dawa za maji za kuua wadudu. Nyingi kati ya hizi huyeyuka katika mafuta, hivyo hupita katika yale mafuta yaliyo kati ya seli, hata kama ngozi ni nzima. Majaribio yaliyofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 1971 yalionyesha kwamba sumu iitwayo parathioni hupenya ngozi ya korodani zaidi ya mara 10 kuliko ngozi ya mkono. Bomba la mgongoni linalovuja huteremsha dawa mpaka huko huko.

Kutokana na hayo, kamati zinashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Fedha zikiwa chache, mabomba yanayovuja yatengenezwe kwanza, kisha zinunuliwe glavu za mpira na vitambaa vya kuziba pua na mdomo.

(b) Dawa ipimwe kwa kijiko au kopo maalumu, kamwe si kwa kiganja.

(c) Mwenye jeraha bichi asipangiwe kazi ya kunyunyizia.

(d) Sabuni na maji viwepo ghalani na shambani. Mnyunyiziaji anawe kabla ya kula, na aoge mara amalizapo kazi. Nguo zake zifuliwe mbali na za watoto.

(e) Mifuko iliyopasuka isigawiwe kwa wanachama.

Kakao inayookolewa kwa dawa ni mali ya chama. Afya ya anayeipulizia dawa hiyo haina budi kuhesabiwa kabla ya mali hiyo.