Mgonjwa Mwenye Pingu

Kuna swali ambalo sisi wauguzi tunalisikia mara kwa mara, wodini na hata katika vikundi vyetu vya kanisa. Kwa nini mtu aliyeua au aliyeiba apewe kitanda na dawa, ilhali mama mwema aliyetoka kijijini analala chini? Wanaouliza hivyo si watu wabaya. Wengi wao wameumizwa. Katika kikundi chetu, tulipopendekeza kupeleka sabuni na vyandarua gerezani, alisimama mama mmoja ambaye nyumba yake ilivunjwa usiku na mumewe akakatwa panga. Akasema yeye hatatoa hata senti. Hakuna aliyemkemea. Tuliona ni heri kulijibu swali lake kuliko kumnyamazisha, na tangu hapo tumeendelea kulifikiria.

Tuanze na jambo ambalo watu husahau. Hakimu anapomfunga mtu miaka 5, hamfungi miaka 5 na kifua kikuu. Adhabu ni kunyimwa uhuru wake, basi. Sisi tulio nje, mtoto akipata homa usiku tunachemsha maji, tunafungua dirisha, tunamgongea jirani mlango, tunakwenda duka la dawa au tunabadilisha hospitali ya kwanza ikitushinda. Mfungwa hana hata moja kati ya hayo. Hachagui anakolala, wala anayekohoa ubavuni mwake. Kwa hiyo mwenye kushika ufunguo ndiye anayebeba deni la afya yake. Wala hatusemi kwamba mfungwa apendelewe kuliko yule mama wa kijijini. Kanuni ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, zinasema mfungwa apate huduma ya kiwango kile kile wanachopata raia wenzake. Yule mama akilala chini, dawa yake si kumwangusha mfungwa kitandani. Wote wawili wanaidai serikali ile ile.

Na humo gerezani si wote waliohukumiwa. Wapo mahabusu wanaosubiri kesi zao, wengine kwa miaka, na baadhi yao wataonekana hawana hatia.

Wodini mambo huwa hivi. Mgonjwa analetwa na askari, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Wagonjwa wengine wanavuta shuka zao. Ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pili wanaomba wahamishwe. Sisi hatumwulizi kosa lake. Si kwamba sisi ni malaika. Habari huzunguka wodini kabla ya chai ya saa nne. Lakini kosa halibadilishi dozi. Aliyebaka na aliyeiba kuku, malaria yao inatibiwa kwa dawa moja.

Pingu yenyewe ni jambo la kitabibu, ingawa wengi hudhani ni la askari peke yake. Ikibana sana mkono unavimba na ngozi inachubuka. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia. Asiyefikia kikombe cha maji hukaukiwa wakati kikombe kiko mezani. Tumejifunza kusema kwa adabu, "Afande, tunaomba uihamishie mkono wa pili, huu tunauwekea dripu." Mara nyingi afande hukubali, maana naye ni mtoto wa mtu na anatumwa kazi. Vile vile tunamwomba asimame mlangoni tunapomhoji mgonjwa, awe anamwona bila kumsikia. Mwanamume aliyepigwa na wenzake usiku, au mwenye ugonjwa wa zinaa, hatasema kitu mbele ya askari wake. Asiposema, sisi tutatibu kichwa wakati anayeumia ni tumbo.

Kwa mama anayejifungua hatuna mjadala kabisa. Kila mmoja wenu aliyezaa anajua uchungu unavyomtaka mtu ageuke, achuchumae, ashike kitu. Damu ikitoka kwa wingi, wauguzi wanatakiwa kumhamisha kwa dakika chache, si kutafuta ufunguo umebaki kwa nani. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, zinazohusu wafungwa wanawake, zinakataza minyororo na pingu wakati wa uchungu, wakati wa kujifungua na mara baada ya hapo, na zile za mwaka 2015 zimerudia neno hilo hilo. Mama mwenye uchungu atakimbilia wapi?

Sasa kuhusu kifua kikuu. Ugonjwa huu huenda kwa hewa, mtu akikohoa, na unapenda chumba chenye watu wengi na madirisha madogo. Shirika la Afya Duniani limeonya kwa miaka mingi kwamba unawapata wafungwa kuliko watu walio nje. Mfano wake ulio wazi ni gereza la Pollsmoor karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Humo ndimo Nelson Mandela alimougulia kifua kikuu mwaka 1988. Serikali iliyomfunga ilimwona adui, lakini ilimpeleka Hospitali ya Tygerberg, akatolewa maji kifuani, akapewa dawa, akapona. Miaka 6 baadaye akawa rais.

Katika gereza hilo hilo, mwishoni mwa 1999, aliingia mwanamume mmoja aliyekuwa akisubiri kesi. Alipoingia hakuwa na ugonjwa huo. Vyumba vilijaa kupita kiasi na watu walifungiwa hadi saa 23 kwa siku. Mwaka 2003 akakutwa na kifua kikuu. Mwaka 2004 mahakama ikamwachia huru, hana hatia. Aliishitaki serikali, na Desemba 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaamua kwamba serikali inawajibika, maana haikuchukua hatua za kutosha kuwazuia wafungwa wasiambukizane. Huyo angeweza kuwa mume wako au mwanao, amekamatwa kwa kufananishwa na mtu mwingine.

Yuko na askari anayewafungulia milango kila asubuhi. Jioni anarudi nyumbani, anambeba mtoto wake mchanga. Wako wageni wanaokwenda kuwaona ndugu zao. Wako wanaomaliza kifungo wakapanda basi hadi kijijini. Ukuta wa gereza unazuia watu, kikohozi hakiuzuiliki nao. Aliyeanza dawa akazikatisha njiani ndiye anayeweza kutuletea kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida.

Lakini hata kama ugonjwa usingetoka nje kamwe, bado tungekuwa na wajibu, na hapa tunasema kama watu wa taaluma. Steve Biko alikamatwa Afrika Kusini mwezi Agosti 1977. Mwezi Septemba aliumizwa kichwani akiwa mikononi mwa polisi mjini Port Elizabeth. Madaktari wawili, Ivor Lang na Benjamin Tucker, walimwona. Lang aliandika kwamba hakuona dalili ya ugonjwa wowote. Tucker alikubali asafirishwe kwa gari hadi Pretoria, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, akiwa uchi nyuma ya Land Rover. Akafa tarehe 12 Septemba, kwenye sakafu ya mahabusu. Madaktari hao hawakumpiga. Walichofanya ni kumsikiliza afisa wa polisi kuliko mgonjwa. Ndiyo maana Kanuni za Mandela zinasema uamuzi wa matibabu ni wa mganga, na mkuu wa gereza asiutangue.

Baraza la madaktari la nchi ile liliona hawana kosa la kujibu. Miongoni mwa madaktari waliokataa kunyamaza alikuwa mama mmoja, Profesa Frances Ames wa Cape Town, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, mjane aliyekuwa akilea watoto 4 wa kiume. Yeye na wenzake wachache walikwenda mahakamani. Iliwachukua miaka, lakini mwaka 1985 baraza lililazimika kuisikiliza kesi upya, na Tucker akafutwa katika orodha ya madaktari. Tunapenda kuwasimulia wauguzi wanafunzi habari ya mama huyu kuliko ya wale mabwana wawili.

Sisi Wakristo tunao wetu pia. Someni Matendo ya Mitume sura ya 16, habari ya mlinzi wa gereza la Filipi. Usiku ule ule aliwachukua Paulo na Sila akawaosha majeraha, na majeraha hayo yalitokana na viboko vya serikali iliyomwajiri. Ndiye muuguzi wa kwanza wa gereza tunayemjua.

Yule mama aliyevamiwa hakwenda nasi gerezani. Hatukumbembeleza, na hatudhani amekosa. Mumewe bado hawezi kushika jembe. Kikundi kiliamua nusu ya mchango ununue sabuni na vyandarua, nusu nyingine iende kwa familia kama yake, na hadi leo tunagawana hivyo.

Kwa wale ambao ndugu yao amekamatwa, tunaomba msisubiri. Kama anatumia dawa za kifua kikuu, za ukimwi, za kisukari, kifafa, pumu au shinikizo la damu, peleka kadi yake gerezani mapema, uikabidhi kwa mganga au muuguzi wa hapo, umweleze alimeza dozi ya mwisho lini. Usifiche vidonge ndani ya ugali. Vikikamatwa atapata kesi nyingine, na visipokamatwa hakuna atakayejua anatumia nini. Mjamzito apelekewe kadi yake ya kliniki.

Siku ya kutoka nayo ina hatari yake, kwa sababu ya furaha. Watu wanachinja kuku, na dawa inasahaulika. Aombe barua ya rufaa kabla hajavuka geti, na kesho yake aende kituo cha afya kilicho karibu. Hapa Tanzania dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na matibabu ya kawaida ni miezi 6, hata kama kikohozi kimekoma mwezi wa pili. Mfungulieni madirisha, na watoto wote wa nyumba hiyo wapelekwe kupimwa, hasa walio chini ya miaka 5.