Je, Wajua? Dagaa Wakizidi, Bakteria Hushiba

Je, wajua kwamba bakteria anayeozesha utumbo wa kuku wa nyama mara nyingi tayari yumo tumboni mwao? Ni Clostridium perfringens. Vijimbegu vyake hukaa udongoni na kwenye maranda ya bandani, na kuku hummeza bila kudhurika, mpaka chakula kimpe bakteria nafasi.

Kwa mfugaji wa Bariadi, mkoani Simiyu, nafasi hiyo ni dagaa. Simiyu inaligusa Ziwa Victoria upande wa Busega, kwa hiyo dagaa hawako mbali. Bakteria huyu hawezi kujitengenezea asidi amino nyingi; huzitegemea kwa mwenyeji wake. Ukizidisha dagaa, protini isiyomeng'enywa hushuka utumboni, naye akipata mazingira mazuri huongezeka maradufu kwa dakika 10 hivi. Vimelea vya koksidia vikiwa vimetangulia kuujeruhi utumbo, ndiyo kabisa. Mpasue kuku aliyekufa: utumbo umejaa gesi, unachanika ukiugusa, na ndani unakwaruza kama taulo.

Badala ya dagaa, usikimbilie mashudu ya pamba, japo Simiyu ni kinara wa zao hilo. Yana gosipoli, sumu ambayo vijidudu vya tumbo la ng'ombe huidhoofisha. Kuku hana msaada huo. Mashudu ya alizeti ni afadhali.

Sweden ilipopiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, ugonjwa huu wa kuoza utumbo ulichachamaa mabandani. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2006, na viongeza lishe vikapata soko. Kimojawapo ni asidi ya butiriki, ile inayonuka kwenye samli iliyochacha, ambayo ni chakula cha seli za utumbo. Hufunikwa kwa mafuta, la sivyo humalizwa njiani kabla ya kufika utumbo wa chini. Kingine ni Bacillus subtilis, bakteria mwema ambaye vijimbegu vyake hustahimili joto la mashine ya chakula. Vyote husaidia kukinga. Kundi likishaanza kufa, mwite daktari wa mifugo.

Na nyama ya sherehe? Aina nyingine ya bakteria huyu huyu huwaharisha watu waliokula nyama iliyochemshwa kwenye sufuria kubwa kisha ikaachwa ipoe polepole usiku kucha. Moto huua bakteria. Vijimbegu husubiri nyama ipoe.