Nyumba ya wageni iliyonusurika moto na reli London

KATIKA barabara ya Borough High Street, eneo la Southwark kusini mwa mto Thames jijini London, umo ua wa kale ambao mpita njia aweza kuukosa kwa urahisi. Ubavuni mwake imesimama The George, nyumba ya wageni ya pekee iliyosalia jijini humo ikiwa na roshani za mbao za kuzungukia vyumba, kama zilivyokuwa enzi za magari ya farasi.

Wingi wa nyumba za aina hii Southwark ulitokana na daraja. Kwa karne nyingi Daraja la London lilikuwa la pekee la kuingilia mjini, na lango lake lilifungwa usiku. Msafiri aliyechelewa hakuwa na budi kulala ng'ambo. Jirani na The George ilikuwapo The Tabard. Humo ndimo mshairi Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, alimowakutanisha mahujaji wa Hadithi za Canterbury kabla hawajashika safari.

Mwaka wa 1676 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Southwark, zikiwemo nyumba hizo mbili. Zote zilijengwa upya, na jengo la The George lililopo leo ni la 1677. Hivyo basi, wanaodai kuwa William Shakespeare aliketi ndani ya kuta hizi wanakosea, kwani alifariki mwaka wa 1616.

Charles Dickens, kwa upande wake, aliujua mtaa huu kwa uchungu. Mnamo 1824, akiwa na umri wa miaka 12, babake alifungwa kwa ajili ya madeni katika gereza la Marshalsea, lililokuwa kwenye barabara hiyo hiyo. Baadaye aliitaja The George katika riwaya ya Little Dorrit.

Reli ilipofika, magari ya farasi yalikosa abiria. The Tabard ilibomolewa katika miaka ya 1870. Mwaka wa 1889 kampuni ya reli iliyoimiliki The George ilibomoa sehemu yake kubwa, ukasalia ubavu wa kusini tu. Tangu 1937 ubavu huo umo mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi turathi.

Umaarufu wa Chaucer haukuiokoa The Tabard. The George imedumu kwa kuwa ilipata mlezi kabla haijachelewa.