Njia ya Kasongo: Kwa Nini Watu wa Tarika Walihama

Mtu akaaye Karavia, kandokando ya ziwa na uwanja wa gofu, huiona Lubumbashi katika utulivu wake. Walakini akishuka Kamalondo, au Kenya, au Katuba, akawauliza wazee wa Kiislamu babu zao walitoka wapi, aghalabu atatajiwa miji iliyo mbali sana na mashimo ya shaba: Kasongo, Nyangwe, Kindu, Ujiji, na pengine Tabora. Miji hiyo, ikipangwa juu ya ramani, hutokea kuwa ni vituo vya njia moja kongwe, inayoanzia Bagamoyo mkabala na Unguja, ikakata bara la Tanganyika hadi ziwani, ikavuka maji, ikaingia Maniema mpaka mto Lualaba. Na juu ya njia hiyo, pamoja na pembe za ndovu na mateka na majora ya merikani, ilipita Tarika ya Kadiria, iliyoota mizizi katika Waislamu wa Kongo ya mashariki. Kila inaposimuliwa habari ya kuenea kwake, husemwa kwamba masheikh walihama ili kuitangaza dini, na maneno yakaishia hapo. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini katika nchi yetu hii inawasahau watu wengi mno, wale waliotembea na tarika bila ya kupenda kutembea, nami kwa ajili yao ndiyo nimeshika kalamu.

Tarika, kwa asili ya neno lenyewe, ni njia. Mtu humpa sheikh mkono wa ahadi, akapokea nyuradi za kusoma asubuhi na jioni, akaingizwa katika halaka ya dhikri, na akipevuka kwa elimu na tabia hupewa ijaza, yaani ruhusa ya yeye naye kuwapokea wengine mkono huo. Pamoja na ijaza hupewa silsila, mlolongo wa majina urudio nyuma kutoka kwa sheikh aliye hai hata kwa mwasisi wa tarika, na kutoka kwake hata kwa Mtume. Hapo ndipo penye jambo ambalo mchunguzi wa habari za uhamaji hana budi kuliangalia vizuri: jamaa iliyojengwa juu ya ardhi huvunjika ardhi ikipotea, na jamaa iliyojengwa juu ya kaburi la babu hubaki pale kaburi lilipo, ilhali jamaa iliyojengwa juu ya ijaza hubebeka, kwa kuwa khalifa mmoja, yaani mwenye ijaza hiyo, akifika mahali, na yale aliyoyahifadhi kifuani mwake, zawia, ndiyo makao ya tarika, imekwisha kufika.

Mwasisi mwenyewe, Sheikh Abdulqadir, alikuwa mhamiaji, maana alitoka kwao Jilan mwaka 1095 akiwa kijana, akaenda Baghdad kutafuta elimu, akafia huko mwaka 1166. Ahmad bin Isa, babu wa Masharifu wa Hadhramaut ambao kizazi chao kilileta tarika ya Alawiya katika pwani ya Waswahili, aliihama Basra mwaka 929, na kilichomtoa hakikuwa elimu bali fitina na umwagaji damu uliokuwa umeikumba Iraki. Jamaa ya Maulana Rumi waliondoka Balkh Wamongoli wakikaribia, wakatua Anatolia. Habib Saleh, aliyezaliwa Ngazija, alihamia Lamu penye jamaa zake, na hapo akaanzisha msikiti na chuo cha Riyadha. Elimu, fitina, vita, udugu: sababu hizi hupatikana kila mahali, wala sitakaa juu yake.

Katika pwani yetu Kadiria iliwasili kwa mikono zaidi ya mmoja, lakini jina lililo kuu ni la Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847, akasafiri mpaka Baghdad kuchukua ijaza mahali alipozikwa mwasisi, akarudi kwao, na tangu zama za Sultani Sayyid Barghash akawa mgeni wa heshima Unguja, ambapo masultani walimkaribisha naye akasimika makhalifa. Kwake yeye sababu ya safari ilikuwa wito na mwaliko, na nadhani mwaliko huo haukuwa wa ibada peke yake, kwa kuwa utawala wa Unguja ulikuwa ukipungukiwa na nguvu mbele ya Wazungu, na sheikh mwenye wafuasi bara na pwani ni rafiki afaaye. Mauti yake pia yana somo: aliuawa mwaka 1909 huko Biyole, katika Somalia, na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdulle Hassan, ambao walikuwa watu wa Salihiya, yaani masufi kama yeye. Hivyo asiseme mtu kwamba dhiki ya masufi ililetwa na wageni tu.

Sasa tuingie bara. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kukaa Tabora na Ujiji katikati ya karne ya kumi na tisa. Baada ya hapo wakavuka ziwa, wakajenga Nyangwe juu ya Lualaba, na Kasongo ikawa makao ya Hamed bin Muhammed al-Murjebi, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Tippu Tip. Walikuja kwa ajili ya pembe, na pembe zilihitaji wachukuzi, na wachukuzi wakipungua walikamatwa watu. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone akiwa Nyangwe aliwaona watu wakipigwa risasi sokoni kwa mamia, wengi wao wanawake waliokwenda kuuza na kununua. Napenda msomaji alikumbuke soko hilo kila asikiapo mtu akisifu ustaarabu ulioletwa na misafara, maana mimi naipenda lugha hii niandikayo na dini iliyokuja pamoja nayo, na kwa sababu hiyo hiyo siwezi kunyamaza juu ya bei iliyolipwa.

Katika wale waliochukuliwa Maniema kwenda pwani alikuwamo mtoto mmoja ambaye alipofika Bagamoyo akawa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki. Akasilimu, akaitwa Yahya bin Abdallah, na watu wakamjua kwa jina la Ramiya. Mtoto huyo hakuwa na nasaba ya kujivunia katika mji ule, na katika pwani ya siku zile nasaba ilikuwa ndiyo mlango wa kila jambo, kuanzia ndoa hata mahali pa kuketi msikitini. Akasoma kwa bidii, akapata mashamba, akafungua darasa, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini akapokea ijaza ya Kadiria. Na hapo yule asiyekuwa na babu wa kutajwa akapata silsila ifikayo Baghdad. Chini yake Bagamoyo ikawa mji mkuu wa Kadiria katika Tanganyika, maulidi yake yakivuta watu kutoka bara na pwani, na Waingereza walipoitwaa nchi katika Vita Kuu ya Kwanza wakamfanya liwali wa mji aliouingia akiwa mateka. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, akashika nafasi yake.

Nimekaa sana juu ya mtu huyu kwa kuwa ndani yake zimo sababu mbili ambazo watu huzichanganya. Iliyomhamisha ni dhulma. Iliyomkalisha katika ugeni akawa mtu wa jaha ni tarika. Atakayeandika kwamba Kadiria ilisababisha Wamanyema waende pwani atakuwa amekosea, na atakayeandika kwamba Wamanyema wangeweza kuwa jamaa moja huko pwani, na Tabora, na Ujiji, bila ya kitu mfano wa Kadiria, naye simwoni kuwa amepata.

Njia ile ile iliyowapeleka ilirudisha. Baina ya mwaka 1892 na 1894 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipigana na Waarabu na Waungwana wa Maniema. Nyangwe ikatwaliwa Machi 1893, Kasongo Aprili, na katika mwaka huo huo akauawa Sefu, mwana wa Tippu Tip, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata akashindwa Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza, akakimbilia upande wa mashariki wa ziwa. Vita hivyo vilitawanya watu pande zote. Waliokuwa na mali au jina walirudi Ujiji na pwani. Waliobaki, ambao wengi wao walikuwa wenyeji waliosilimu na kushika Kiswahili na kanzu, wakaitwa Waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana, na serikali mpya ikawatazama kwa jicho la shaka kwa muda wote wa utawala wake.

Hapo ndipo, Waarabu wakiwa wamekwisha kuondoka na dola yao imekwisha kuvunjika, tarika iliposhamiri. Na jambo hili limewashangaza wengi waliodhani kwamba dini ya Maniema ilikuwa kivuli cha bunduki za Tippu Tip. Baina ya vita vikuu viwili wafuasi wa Kadiria walionekana kuongezeka Kasongo na mitaa ya jirani, mkono ukitoka Ujiji na Kigoma, ambako reli ya kati ilikuwa imefika tangu mwaka 1914. Katika Kongo waliitwa Muridi, neno ambalo lisimpotoshe msomaji akawadhania kuwa ni watu wa Sheikh Amadou Bamba wa Senegali. Ni Makadiria, na muridi ni jina la kila mwanafunzi wa njia. Wabelgiji waliogopa dhikri za usiku na barua zitokazo ng'ambo ya ziwa, kama Wajerumani walivyoogopa huko Tanganyika mwaka 1908 ilipozagaa ile iliyoitwa Barua ya Makka. Waliodhaniwa kuwa wachochezi walihamishwa kwa amri, wakakalishwa mbali na kwao. Ufaransa ilikuwa imefanya hivyo hivyo kwa Amadou Bamba, ikampeleka Gabon mwaka 1895 na kumweka huko miaka saba, na huko Senegali wafuasi wake wakazidi. Serikali zilidhani kwamba sheikh akitolewa mahali, tarika hubaki bila kichwa. Hazikujua kwamba zinamlipia nauli.

Hatimaye shaba. Elisabethville, ambayo tangu mwaka 1966 ndiyo Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910, mwaka ule reli kutoka kusini ilipowasili, na kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Wafanyakazi wa kwanza walitoka kusini, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Lakini reli ilipofika Bukama mwaka 1918, Lualaba yote ikawa barabara moja na migodi, kwa kuwa mtu wa Kasongo aliweza kushuka mtoni, akapanda meli na gari moshi kwa zamu mahali penye maporomoko, akafika Katanga bila ya kutembea kwa miguu miezi mingi kama babu yake alivyotembea kwenda Bagamoyo. Hali kadhalika wa Ujiji na Kigoma walivuka ziwa wakashukia Albertville, iitwayo leo Kalemie. Sababu za safari zilikuwa za dunia kabisa: kodi iliyotakiwa kulipwa kwa fedha, kilimo cha pamba kilicholazimishwa, mshahara wa mgodini, na soko la mji mpya ambamo mchuuzi angeweza kupata riziki bila ya kuwa chini ya bwana shamba wala chifu.

Mji huu wa shaba ulikuwa na nyumba za kampuni, na misioni zenye shule na zahanati, na kwa Mkatoliki au Mprotestanti mlango ulikuwa wazi. Mwislamu hakuwa na hayo. Ikiwa amefiwa, nani atamwosha maiti wake. Ikiwa ana mwana, nani atamfundisha juzuu. Ikiwa hana kazi mwezi mzima, atakula kwa nani? Udugu wa tarika ulijibu maswali hayo kwa vitendo, katika khitma na maulidi, katika arubaini ya marehemu, katika sahani ya wali iliyowekwa chini watu wakaizunguka bila ya kuulizana kabila. Watu waliotoka makabila ambayo babu zao waliuzana njiani walishikana mabega katika halaka moja, wakasoma ile dhikri ya Kadiria ambayo watu wa pwani huiita ya kukohoa, kwa pumzi itokayo kifuani, na sijui chama gani kingine katika Katanga ya siku zile kilichoweza kuwaunganisha hivyo bila ya daftari la mwajiri.

Sababu zimeendelea kubadilika sura. Mwaka 1964 Kindu iliangukia mikononi mwa waasi walioitwa Simba, ikarejeshwa mwaka ule ule kwa damu nyingi. Mwaka 1998 ikaanguka tena, katika vita vingine, na watu wa Maniema na Kivu wakatafuta usalama kusini, wengine wakafika hapa wakiwa na mwana mgongoni na sufuria mkononi. Siku za Wabelgiji mtu aliyetaka kutoka wilaya yake alihitaji hati yenye muhuri, na hata sasa mgeni huulizwa karatasi zake kila njia panda. Lakini afikapo penye msikiti unaosomwa dhikri usiku wa Ijumaa, swali huwa jingine: mkono alipewa na nani. Naye humtaja khalifa wa kwao, na sheikh wa khalifa huyo, na aliye nyuma yake, na mahali fulani katika mlolongo huo, aghalabu kwenye jina la tatu au la nne, wenyeji huanza kuyataja majina pamoja naye.