JE, WAJUA? Njia za Moto wa Nyiragongo

1. Mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470 mashariki mwa Kongo, hauko hata kilomita 20 kutoka jiji la Goma. Ulimwaga moto mwaka 1977, 2002 na 2021.

2. Lava yake ni nyepesi kama uji kwa sababu ina silika kidogo. Mwaka 1977 ilishuka mteremkoni kwa kasi ya gari. Kasi hiyo huwezi kuishinda kwa miguu.

3. Lava hufuata mabonde kama maji ya mvua. Kwa hiyo wachora ramani za hatari hupima miinuko ya ardhi, hufuatilia mikondo ya zamani iliyoganda, kisha kompyuta hukadiria moto ujao utapita wapi.

4. Si lazima moto utokee kileleni. Mwaka 2002 ardhi ilipasuka ubavuni mwa mlima kuelekea Goma. Lava ilikata jiji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu.

5. Wanasayansi wa volkeno duniani wameazima neno “mazuku” kutoka Kiswahili cha huko. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotuama mabondeni, haionekani, nayo huua watoto na mifugo. Mabonde hayo nayo hutiwa alama kwenye ramani.

6. Katika maji ya kina ya Ziwa Kivu zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za hewa hiyohiyo. Mwaka 1986 hewa kama hiyo ilifumuka kutoka Ziwa Nyos, Kamerun, ikaua watu zaidi ya 1,700.

7. Hatari haijui mpaka. Mei 2021 matetemeko yaliitikisa Goma na Gisenyi ya Rwanda kwa pamoja. Ramani ya nchi moja haitoshi.

8. Oktoba 1985 ramani ya volkeno Nevado del Ruiz, Kolombia, ilionyesha mji wa Armero uko hatarini. Watu hawakuhamishwa. Novemba 13 volkeno ililipuka, tope lake likafukia mji, na zaidi ya watu 20,000 wakafa. Mwaka 1991 huko Pinatubo, Ufilipino, ramani ilifuatwa, maelfu wakahamishwa mapema, wakapona.

Ndugu msomaji unayeishi karibu na volkeno, muulize leo mkuu wa mtaa wako: nyumba yangu iko wapi kwenye ramani ya hatari, na tutakimbilia njia ipi? Ramani iliyofungiwa kabatini haiokoi mtu.